Msitu haujakatwa, lakini unabadilika: ni tabianchi au ni ardhi iliyouzunguka?

#1 Utepe wa Kifua (mwanzisha uzi)

Wadau, habari zenu. Nina jambo linaninyima raha na nataka tulichambue hapa.

Kwa miaka mingi nimekuwa msaidizi kwenye timu inayopima miti katika msitu wa mlimani. Jina la mlima naliacha, nikilitaja uzi utageuka ubishi wa nani anatoka wapi. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Kila mti una kibati chenye namba kilichopigiliwa msumari. Kila baada ya miaka michache tunarudi, tunazungusha utepe kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, tunaandika kipenyo. Uliokufa tunaandika umekufa.

Safari hii nimerudi kwenye kiwanja ninachokijua tangu ujana wangu. Hakuna kisiki kipya, hakuna alama ya panga, mpaka wa hifadhi uko palepale. Lakini zamani ukiegemea mti saa tatu asubuhi unatoka na shati bichi, kwa sababu magome yote yalivaa ule uoto laini wa kijani unaoshika maji ya ukungu. Safari hii nimeubandua kwa kidole, umesagika kiganjani kama ugoro. Miti mitatu mikubwa imekufa ikiwa imesimama. Kamba za msituni zimeongezeka mpaka tukawa tunapita kwa kuinama.

Msitu ambao hakuna aliyeukata unakufaje?

#2 Radi ya Alasiri

Mkuu, hapo hakuna haja ya kuzunguka mbuyu. Ni joto la dunia. Hewa inayotoka baharini ikipanda mlima inapoa, ikifika mahali fulani mvuke unageuka wingu. Kadiri hewa inavyokuwa ya moto, mahali hapo panasogea juu. Hesabu inajulikana: kila nyuzi 1 inayoongezeka kati ya joto la hewa na joto ambalo umande huanza kujitenga, sakafu ya wingu hupanda karibu mita 125. Msitu wako ulikuwa ndani ya wingu, sasa wingu linapita juu yake.

Na tukumbuke Amazon peke yake inatupa asilimia 20 ya oksijeni tunayovuta. Misitu ikienda na sisi tumekwenda.

#3 Binti Mbegu

Kaka Radi, mita 125 nakubaliana nawe. Hiyo ya oksijeni naomba niirekebishe maana inarudiwa kila mahali. Msitu mkongwe unatoa oksijeni mchana, kisha miti yenyewe ikipumua, pamoja na kuvu na wadudu wanaoozesha majani na magogo, karibu yote inatumika humohumo. Ukijumlisha na kutoa, mchango wa Amazon unakaribia sifuri. Tunachopoteza msitu ukienda ni hifadhi ya kaboni, mvua na viumbe, na hicho kinatosha kabisa kutunyima usingizi.

Mwanzisha uzi, swali langu: chini ya mlima pakoje siku hizi?

#4 Utepe wa Kifua

Dada, umegusa penyewe. Nilipoanza, kati ya barabara na mguu wa mlima palikuwa na msitu wa bondeni wenye mapengomapengo. Sasa ni mashamba mpaka kwenye mawe ya mpaka. Unatembea juani saa nzima bila kupata kivuli cha kukalia.

#5 Mpima Mvua

Basi #2 ana nusu ya jibu. Wingu halitoki baharini tu. Msitu wa bondeni nao unafyonza maji ardhini na kuyapumua kupitia majani, hewa inayopanda mlimani inakuwa na unyevu. Ukifyeka bonde, ardhi tupu inapata moto na hewa inapanda ikiwa kavu. Sakafu ya wingu inapanda hata kama joto la dunia lisingeongezeka hata chembe.

Hili lilichunguzwa Monteverde, Costa Rica. Kulikuwa na chura wa rangi ya dhahabu aliyeishi kwenye mgongo mmoja tu wa mlima. Mwaka 1987 walihesabiwa zaidi ya 1,500 wakizaliana. Mwaka 1989 alionekana mmoja, na hakuna aliyeonekana tena. Mwaka 1999 timu ya Alan Pounds ilisema ukungu umepungua kwa sababu ya kupanda kwa joto. Miaka miwili baadaye Robert Lawton na wenzake wakaangalia picha za setilaiti, wakaona kwamba wakati wa kiangazi bonde lililofyekwa linapata mawingu machache kuliko bonde la jirani lenye msitu. Mlima mmoja, ukungu mmoja, maelezo mawili, na yote mawili yana vipimo nyuma yake.

#6 Radi ya Alasiri

@Mpima Mvua nakubali bonde sikulifikiria. Ila tofauti ipo: bonde ukilipanda miti linarudi, hewa ya dunia nzima hairudi kwa kupanda miche. Ndiyo maana nasisitiza joto.

#7 Kinyonga wa Pembe Tatu

Huyo chura wa #5 msimtumie kama ushahidi safi. Kuna kuvu anayeshambulia ngozi za vyura, ameangamiza vyura sehemu nyingi za dunia, na wengi wanamhesabu kuwa mshukiwa mkuu Monteverde. Halafu 1986 hadi 1987 palikuwa na El Niño na ukame. Kwa hiyo ni joto, au bonde, au kuvu, au ukame, au vyote vilikutana mwaka mmoja. Wataalamu bado wanavutana.

#8 Mzee wa Magogo

Vijana wangu, mnatazama juu mawinguni. Mimi nitawarudisha chini.

Nilifanya kazi ya mbao miaka ya 70 hadi katikati ya 80. Aliyeniajiri simtaji. Tulichukua mti mmoja hapa, mmoja pale, tukisema tunachagua. Lakini kuutoa mkulo mmoja mnene kunataka njia ya kuburutia gogo, na njia hiyo inavunja miti midogo kulia na kushoto. Mwanga ukaingia. Udongo ulikandamizwa mpaka maji ya mvua yakawa yanatiririka juu badala ya kuzama. Tukaondoka. Msitu ukafunika, ukaonekana mzima. Ukipita leo utasema hakuna aliyeukata, kama alivyosema mwanzisha uzi.

Milima mingine walilima iliki ndani ya msitu. Mikubwa wanaiacha iwe kivuli, chini wanafyeka kila mche. Miaka kumi, kumi na tano. Picha ya angani inaonyesha kijani tupu. Lakini kizazi kizima cha miti hakikuzaliwa, na hilo huligundui mpaka wazee waanze kufa. Muulize mwenye uzi: hiyo miti mitatu imekufa, chini yake kuna watoto wake?

#9 Utepe wa Kifua

Shikamoo mzee. Kuna mgongo mmoja karibu na kiwanja ambao ukikanyaga unahisi mfereji uliojaa majani, mrefu, umenyooka kushuka bondeni. Siku zote nilidhani ni mkondo wa maji wa zamani.

#10 Mzee wa Magogo

Marahaba mwanangu. Maji hayanyooki hivyo. Hiyo ni njia ya magogo.

#11 Kivuli Kirefu

Mzee kanisisimua hapo. Nami naongeza la ukingo.

Mwaka 1979 Thomas Lovejoy na wenzake wa Brazil walianza jaribio karibu na Manaus. Palikuwa panafyekwa malisho ya ng'ombe, wakaomba vipande vya msitu viachwe vikiwa vimezungukwa na uwazi: hekta 1, hekta 10, hekta 100. Wakapima kabla na baada. Upepo mkavu na joto viliingia kutoka pembeni, na miti mikubwa ndiyo iliyokufa kwa kasi zaidi, hasa ndani ya mita 100 za mwanzo. Miti mirefu ndiyo inayopigwa na upepo. Na pale pembeni kamba za msituni zikastawi kwelikweli, zikipanda juu ya miti na kuinyima mwanga. Hizo ni dalili mbili kati ya tatu alizotaja mwenye uzi. Kiwanja chako kiko umbali gani kutoka mashamba?

#12 Utepe wa Kifua

Zaidi ya mita 600, mkuu. Tulipima kwa kamba wakati wa kukianzisha.

#13 Kivuli Kirefu

Basi ni mbali. Athari kali nyingi za Manaus zinaishia karibu mita 300. Labda ile njia ya magogo ya mzee iliwahi kuwa ukingo wa ndani kwa ndani, lakini sitang'ang'ania.

#14 Fundi Hesabu

Nauliza kwa nia njema. Miti mitatu ni mingi? Miti ina umri, inazeeka, inakufa, na kiwanja kimoja kinaweza kupata miaka mibaya bila tabianchi wala mashamba kuhusika. Kamba za msituni nazo: kwenye misitu mingi ya Amerika zimeongezeka, na wengine wanaihusisha hewa ukaa nyingi angani, lakini Ituri kule Kongo zilipopimwa tena zilikuwa zimepungua. Nahofia tunakimbilia sababu kubwa kwa tukio dogo.

#15 Binti Mbegu

Fundi, hoja yako ni ya haki, na ndiyo sababu viwanja vinaunganishwa. Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya viwanja 244 vya misitu mikongwe katika nchi 11 za Afrika, yakalinganishwa na ya Amazon. Uwezo wa Amazon kunyonya kaboni ulianza kushuka tangu miaka ya 1990. Afrika ulisimama imara muda mrefu zaidi, dalili za kushuka zikaonekana kuanzia karibu 2010. Maelezo yao: hewa ukaa nyingi inaikuza miti haraka, huku joto na ukame vikipunguza ukuaji na kuongeza vifo. Na matokeo hayo yote yamejengwa na watu kama mwenye uzi, wanaozungusha utepe mti mmoja baada ya mwingine huku siafu wakiwapanda miguuni. Miti yako mitatu iandike, kaka. Peke yake haisemi mengi, ikiwa kwenye daftari itasema.

#16 Radi ya Alasiri

Na yapo matokeo mengine ya 2020 yanayosema mwezi wa joto kali kuliko yote, mchana ukizidi wastani wa nyuzi 32.2, kaboni inayohifadhiwa msituni inashuka kwa kasi.

#17 Fundi Hesabu

Hayo ni ya misitu ya nyanda za chini, Radi. Mlima wenye ukungu haujafika huko hata robo ya safari. Siipingi namba, napinga mahali unapoiweka. Umetupiga radi mbili leo, moja imetua nje ya shamba.

#18 Radi ya Alasiri

Hahaha, imepokelewa. Lakini ile ya kwanza iko palepale.

#19 Mwana wa Tembo

Mmesema mawingu, magogo, ukingo. Wanyama mmewaacha nje kabisa?

Lopé, Gabon, watafiti waliingia msituni kila mwezi kuanzia 1986 wakitazama miti ileile kama ina maua na matunda. Mpaka 2018 uwezekano wa kukuta tunda bivu ulikuwa umeshuka kwa asilimia 81. Tembo waliopigwa picha walikuwa wamekonda: hali ya miili yao ilishuka kwa asilimia 11 kati ya 2008 na 2018. Huo ni msitu ndani ya hifadhi ya taifa. Caroline Tutin, mmoja wa walioanzisha kazi hiyo, alikuwa ameona mapema kwamba baadhi ya miti hutoa maua pale tu usiku wa kiangazi unaposhuka chini ya nyuzi 19. Usiku wenye joto ni kama saa ya kengele isiyolia. Mti uko hai, una majani, hauzai.

Kwa hiyo #8 anasema watoto wa miti walifyekwa. Mimi nauliza, je, kama hawakutungwa mimba kabisa?

#20 Binti Mbegu

Na kuna njia ya tatu: wamezaliwa, hawana wa kuwabeba. Usambara ya Mashariki, Norbert Cordeiro na Henry Howe walifuatilia mti unaoitwa Leptonychia usambarensis, ambao haupatikani nje ya milima ya eneo hilo. Ndani ya msitu mpana ndege wanameza matunda na kutupa mbegu mbali. Kwenye vipande vidogo vilivyozungukwa na mashamba, ndege hao ni wachache, mbegu zinaanguka chini ya mama na miche inabaki kubanana hapohapo. Matokeo hayo ni ya 2003. Mti upo, tunda lipo, mwenye kulisafirisha hayupo.

Tembo wa msituni nao walipungua kwa karibu asilimia 62 kati ya 2002 na 2011 Afrika ya Kati, kwa ajili ya pembe. Ipo miti yenye mbegu kubwa ambayo hakuna koo jingine linaloweza kuimeza.

#21 Mzee wa Magogo

Hondohondo lakini hakutoweka. Yeye ndiye alitusambazia msizi kila tulipofungua mwanga. Mti umeletwa na Wajerumani pale Amani mwanzoni mwa karne iliyopita, matunda yake hondohondo anayapenda, ukaenea mpaka ndani. Kwa hiyo mbebaji akiwepo, inategemea anabeba nini.

#22 Mgeni wa Uzi

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Samahani kwa kutoka nje kidogo: yule chura wa Kihansi naye ni habari ya joto?

#23 Kinyonga wa Pembe Tatu

Hapana, na karibu sana. Yule alitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1999, anaishi kwenye korongo moja tu Udzungwa, mahali ambapo maporomoko ya mto yalirusha manyunyu mchana na usiku. Eneo lenyewe halifiki hekta chache. Mwaka 2000 bwawa la umeme likaanza kazi, karibu asilimia 90 ya maji yakachepushwa, manyunyu yakakatika. Wakafunga mabomba ya kunyunyizia, vyura wakaongezeka tena, halafu 2003 wakaporomoka ghafla. Wengine wanasema kuvu yuleyule wa #7. Wengine wanasema viuatilifu vya mashamba ya juu vilishuka na maji yalipofunguliwa. 2009 akatangazwa ametoweka porini. Bahati njema 499 walikuwa wamepelekwa Marekani mapema kuzalishwa, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

#24 Mgeni wa Uzi

Asante. Ni kweli anazaa watoto badala ya kutaga?

#25 Kinyonga wa Pembe Tatu

Kweli kabisa. Vichanga vinatoka vikiwa vyura kamili, hakuna kiluwiluwi. Kimoja kinalala kwenye ncha ya kidole chako na nafasi inabaki.

#26 Mpima Mvua

Kihansi imenifundisha kitu kwa ajili ya uzi huu. Pale joto la dunia halikuhusika, bado kilichobadilika ni hali ya hewa: unyevu wa korongo moja. Ndiyo maana sipendi tunavyogawanya "tabianchi" upande huu na "matumizi ya ardhi" upande ule. Ukibadilisha ardhi umebadilisha hewa inayoigusa. Amazon mvua inarudiwa: inanyesha, miti inaipumua, inanyesha tena mbele. Eneas Salati wa Brazil alilionyesha hilo miaka ya 1970, akakadiria karibu nusu ya mvua ya bonde inatokana na mzunguko huo.

#27 Fundi Hesabu

Makadirio ya baadaye yanashuka, robo hadi theluthi. Mengine yote sawa.

#28 Mpima Mvua

Robo nayo ni mvua nyingi, ndugu yangu.

#29 Radi ya Alasiri

Mwenye uzi kapotea. Mkuu, unatuachia moto unawaka?

#30 Utepe wa Kifua

Nimerudi, wadau. Nilikuwa mlimani, kule mtandao haufiki. Nilibeba maswali yenu.

Mzee, nilikwenda kwenye ule mgongo na jembe dogo. Chini ya majani udongo ni mgumu, jembe linagonga na kurudi. Kipande cha waya mnene kimezama nusu kwenye mzizi, mzizi umekifunika kama ngozi inavyofunika jeraha. Sina ubishi tena.

Chini ya miti mitatu nilipiga magoti nikatafuta miche. Mmoja hauna hata mche mmoja wa aina yake. Wa pili una minne, yote imefika gotini na kusimama. Wa tatu una mingi, imebanana yote mahali pamoja kama alivyosema Binti Mbegu. Miti mitatu, majibu matatu.

Ukungu: nililala pale siku tano. Siku mbili ulishuka mpaka kwetu, saa nne ukawa umeondoka. Siku tatu niliuona uko juu ya vichwa vyetu, kwenye kilele, umekaa kama kilemba.

#31 Mzee wa Magogo

Ule waya wa winchi nilikuwa nauzungusha mimi au mwenzangu wa rika langu. Nimeisoma mara mbili hiyo ya mzizi. Umenigusa sana, mwanangu.

#32 Kivuli Kirefu

Mkuu, ule wa pili wenye miche minne, imekosa nini? Mwanga, au inaliwa?

#33 Utepe wa Kifua

Majani hayana alama ya meno. Mwanga hafifu, kamba zimefunika juu. Nimefunga utepe mwekundu kwenye kila mmoja na nimeandika urefu.

#34 Mwana wa Tembo

Ule usio na mche hata mmoja, utazame majirani wake wa aina hiyohiyo waliobaki hai. Kama nao hawatoi maua kiangazi hiki, nirudie nikueleze namna wanavyorekodi Lopé. Ni darubini na karatasi tu.

#35 Fundi Hesabu

Na weka kipimajoto kinachoandika chenyewe, kimoja kiwanjani, kingine kwenye shamba la chini, cha tatu kileleni. Bila usiku kuandikwa, mimi, Radi na Mpima Mvua tutabishana mpaka kesho kutwa.

#36 Utepe wa Kifua

Vipimajoto viwili ninavyo. Nitaanza na kiwanja na shamba. Mwenye shamba la kwanza kabisa mpakani amekubali tukitundike kwenye mti wake, ni mmoja tu uliobaki pale, na ameniuliza kama anaweza kuwa anasoma namba yeye mwenyewe kila asubuhi.